Nani Ataumia? Neno Juu ya Umri wa Watoto Michezoni

Katekista mmoja mzee, aliyetunza vitabu vya parokia kwa miaka mingi, alitusimulia jambo dogo lililompata jioni moja, nasi tumeona yafaa kulileta mbele ya wasomaji wetu, maana ndani yake mna swali linalogusa nyumba nyingi nchini. Alijiwa na baba wa familia, mtu wa heshima asiyekosa kanisani siku ya Jumapili, akiwa amefuatana na mwanawe. Kijana huyo alikuwa mchezaji hodari wa kandanda. Siku hizo ilikuwa ikichaguliwa timu ya vijana wa chini ya miaka 15, naye alikuwa amekwisha kukipita kikomo hicho kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Baba aliomba nakala ya cheti cha Ubatizo. Kisha, kwa sauti ya chini, akaomba tarakimu moja ya mwaka wa kuzaliwa ibadilishwe.

Mzee alikataa. Baba yule hakukasirika wala hakutoa fedha mfukoni. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba kueleweka: "Mwalimu, sikuombi cheti cha kumnyang'anya mtu shamba, wala cha kumdhulumu yatima urithi wake. Huu ni mpira tu. Mtoto huyu akipata nafasi hii, huenda akainua nyumba yetu yote. Nani ataumia?" Katekista akajibu, "Kitabu hiki si changu, Baba," akakifunga. Lakini alituambia kwamba swali lile lilimsumbua siku nyingi. Kukataa alikataa, kwani alijua wajibu wake. Ila jibu la kumpa yule baba hakuwa nalo.

Leo twataka kulitafuta jibu hilo, wala tusilitafute kwa pupa. Swali lenyewe si la mtu mwovu. Ni la mzazi anayempenda mwanawe, na hoja yake haifukuzwi kwa kukemewa tu.

Kwanza yatupasa kuuliza kwa nini watoto hugawanywa kwa umri michezoni. Jambo hili si geni kwetu, wala halikuletwa na vyama vya mpira. Wazee wetu walijua rika. Watoto wa rika moja walichunga pamoja, waliingia jandoni pamoja, na katika mieleka kila mmoja alishindana na wa rika lake. Aliyeshuka chini kwenda kuwaangusha wadogo zake hakusifiwa, alichekwa. Tofauti ni moja tu: zamani rika lilitambuliwa kwa macho ya kijiji kizima, na mwaka wa kuzaliwa ulikumbukwa kwa njaa fulani, au mafuriko, au ujio wa nzige. Leo rika hupimwa kwa tarehe iliyoandikwa karatasini.

Ni kweli kwamba tarehe hiyo ina ugumu wake. Tuseme kikomo ni siku ya kwanza ya Januari. Mtoto aliyezaliwa usiku wa tarehe 31 Desemba, na jirani yake aliyezaliwa kesho yake alfajiri, wamepishana kwa saa chache. Lakini mmoja atahesabiwa kuwa wa mwaka huu na mwingine wa mwaka ujao. Mmoja atakuwa mdogo kuliko wote katika kundi lake, na mwenzake atakuwa mkubwa kuliko wote katika kundi linalofuata. Nani awezaye kusema kwamba saa zile chache zilibadilisha mifupa yao au akili zao? Hakuna. Mstari huu ulichorwa na wanadamu, nao ungaliweza kuchorwa penginepo.

Lakini kutokana na hayo haifuati kwamba mstari ni upuuzi. Sheria nyingi hukata mahali ambapo maumbile yenyewe hayakukata. Kijana hupewa haki ya kupiga kura atimizapo miaka 18, wala hatudhani kwamba hekima humshukia usiku wa manane wa siku hiyo. Tunakubali mstari kwa kuwa bila huo kila mmoja angejichorea wake, na katika mashindano ya namna hiyo mwenye nguvu ndiye ashindaye. Mstari wa umri uliwekwa ili mtoto mdogo asigongwe na mkubwa uwanjani, na ili naye apate kuugusa mpira. Uliwekwa kwa faida ya mdogo. Jambo hili tulishike sana, maana tutalirudia.

Basi, turudi kwa baba yetu: nani ataumia?

Wa kwanza kuumia ni mtoto ambaye baba yule hamjui. Timu ya kandanda ina nafasi 11 uwanjani, na wachache wa akiba. Anapoingia kijana aliyezidi umri, ambaye watu wetu humwita kijeba, kuna mtoto mmoja halisi, mwenye jina na mama yake, anayebaki nyumbani. Hatajua kamwe kwamba ameibiwa. Atadhani tu kwamba hakufaa. Labda ataacha mpira, naye atakua akiamini kwamba hana kipaji, na hakuna hakimu atakayemrudishia kilichopotea. Mwenye shamba lililoporwa huiona mipaka iliyong'olewa, akaenda kushtaki. Huyu hana alama ya kuonyesha. Ndiyo maana dhuluma hii huonekana nyepesi: aliyedhulumiwa hana sauti wala hana habari.

Wa pili ni mtoto anayekutana na kijeba huyo uwanjani. Miaka miwili si kitu kwa watu wenye miaka 30. Kwa watoto wa miaka 13 ni tofauti ya uzito, ya urefu na ya mbio. Mguu wa mkubwa ukimpata mdogo, hospitali haitauliza cheti kilisema nini.

Wa tatu ni wenzake wa timu ileile. Mwaka 2001 huko Marekani, timu moja ya watoto wa mtaa wa Bronx, New York, ilistaajabisha nchi nzima katika mashindano makubwa ya besiboli ya watoto. Mrushaji wao alikuwa hodari kupita kiasi, na kikomo cha umri kilikuwa miaka 12. Baadaye ilithibitika kwamba alikuwa na miaka 14, na kwamba cheti kilichotumika kilikuwa cha uongo. Ushindi wote wa timu ukafutwa. Watoto wale wengine hawakuwa wameghushi kitu. Walikuwa wamecheza kwa jasho lao na kwa umri wao wa kweli. Lakini furaha yao ilifutwa pamoja na uongo wa wakubwa, na yule mtoto mwenyewe, ambaye hakujiandikia cheti, alibeba aibu mbele ya dunia nzima.

Hatuna haja ya kwenda mbali namna hiyo. Mwaka 2005 timu yetu ya Serengeti Boys iliondolewa katika mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17 yaliyofanyika Gambia, baada ya kuonekana kwamba mchezaji mmoja alikuwa amezidi umri. Vijana walioitafuta nafasi ile kwa haki waliikosa pamoja na wasiokuwa na haki. Miaka 12 baadaye mambo yaligeuka: mwaka 2017 Kongo ya Brazzaville ilienguliwa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji mmoja apimwe umri wake, na Serengeti Boys wakaenda Gabon mahali pao. Na mwaka 2019, mashindano hayohayo yalipofanyika kwetu Dar es Salaam, Guinea walifika fainali. Kisha ikagundulika kwamba wachezaji wao wawili walikuwa na tarehe za kuzaliwa zisizolingana na zile walizoandikiwa katika mashindano mengine, nao wakanyang'anywa nafasi ya kwenda kucheza Kombe la Dunia la vijana huko Brazil. Nafasi ile ikapewa Senegal. Twayataja haya si kwa kuwacheka jirani. Sisi tumekaa pande zote mbili za kosa hili: tumekuwa wakosaji, na tumekuwa walionufaika wengine walipokosa.

Wa nne kuumia ndiye yule ambaye baba alidhani anamsaidia. Kijana anayecheza kwa mwaka usio wake hawezi kujua ukweli juu ya kipaji chake mwenyewe. Akiwashinda watoto, hajui kama ni ustadi au ni umbo tu. Siku itafika, nayo haikawii, atakapokutana na watu wazima. Umbo halitamfaa tena, na ustadi hakujifunza, kwa kuwa hakulazimika kujifunza. Tena imempasa kuukumbuka mwaka wa uongo mbele ya mwalimu, mbele ya daktari, mbele ya ofisa wa pasipoti. Uongo mmoja huomba mwingine wa kuushikilia. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Lakini kwa mtoto huyu njia hiyo imekuwa ndefu, maana hakuichagua yeye, na hajui aishukie wapi.

Hayo ndiyo majibu manne, nasi twadhani yangalitosha kumjibu baba yule. Lakini haki haitatimia tukimnyoshea kidole yeye peke yake. Kuna watu wengine wanaowaumiza watoto kwa njia ya mstari huuhuu wa umri, nao hawaghushi cheti wala hawavunji kanuni hata moja.

Mwaka 1985, nchini Kanada, mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walitoa uchunguzi juu ya wachezaji wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, mchezo upendwao kuliko yote katika nchi ile. Walizitazama tarehe za kuzaliwa za wachezaji, wakaona jambo la ajabu. Wachezaji hodari wengi mno walizaliwa Januari, Februari na Machi. Waliozaliwa Oktoba, Novemba na Desemba walikuwa wachache sana. Katika timu za vijana walioteuliwa kuwa bora, takriban wanne kwa kila kumi walikuwa wa miezi mitatu ya kwanza, na kama mmoja tu kwa kila kumi alikuwa wa miezi mitatu ya mwisho. Je, Mungu huwapa watoto wa Januari kipaji, akawanyima wa Desemba? La hasha. Kikomo cha umri katika mchezo ule kilikuwa tarehe 1 Januari. Basi.

Hesabu yake ni rahisi, na kila mzazi aweza kuifanya nyumbani. Watoto wa miaka 10 wamekusanywa ili wachaguliwe. Aliyezaliwa Januari amemzidi aliyezaliwa Desemba kwa miezi 11, yaani karibu sehemu moja katika kumi ya maisha yake yote. Ni mrefu kidogo, ana mbio kidogo, anafahamu maelekezo upesi kidogo. Mwalimu wa mpira anamwona, anasema, "Huyu ana kipaji," anamchagua. Aliyechaguliwa hupata mazoezi zaidi, mechi zaidi, viatu vizuri zaidi, na kusifiwa zaidi. Baada ya miaka mitano amekuwa kweli hodari kuliko mwenzake, na mwalimu anajipongeza kwa jicho lake kali. Kumbe alichokiona siku ile kilikuwa miezi 11 tu. Yule wa Desemba alikwisha kwenda zake zamani.

Wengine wakadhani dawa ni kuihamisha tarehe. Huko Ubelgiji mwaka 1997 kikomo cha timu za vijana wa kandanda kiliondolewa tarehe 1 Agosti kikawekwa tarehe 1 Januari. Matokeo yalikuwa nini? Watoto wa Agosti na Septemba, waliokuwa wakipendelewa, walipungua katika timu zilizoteuliwa, na wale wa Januari na Februari wakaongezeka. Dhuluma haikwisha, ilihama nyumba. Kadhalika Uingereza, ambako timu za watoto kwa muda mrefu zimefuata mwaka wa shule unaoanza Septemba, ni watoto wa Septemba, Oktoba na Novemba ndio waliojaa katika vyuo vya mpira. Popote unapochora mstari, upande mmoja wake atakuwapo mtoto mdogo. Swali si mahali ulipochorwa. Ni namna wakubwa wanavyomtendea huyo mdogo.

Hapa ndipo twaona kwamba baba mwenye cheti na mwalimu mwenye haraka ni ndugu wawili. Mmoja anauvunja mstari; mwingine anaushika kwa uaminifu, kisha anafanya kinyume cha sababu ya kuwekwa kwake. Mstari uliwekwa ili mdogo apate nafasi. Mwalimu huyu, akiwa ndani ya sheria kabisa, anamtafuta mkubwa wa kundi na kumwacha mdogo. Kinachowasukuma wote wawili ni kitu kimoja: wanataka kombe mwaka huu. Na mtu mzima anapotaka kombe kwa miguu ya mtoto, mtoto amekuwa chombo. Mtoto ni mtu. Hakuumbwa awe ngazi ya heshima ya shule, wala ya parokia, wala ya wilaya, wala ya ukoo wake.

Pengine msomaji atasema, "Ikiwa hata wanaotii sheria hudhulumu, kwa nini tuwalaumu wanaoivunja? Mwanangu amezaliwa Desemba. Kama mstari humwonea, nikimsogezea miezi michache ninarudisha haki tu." Hoja hii ina ladha ya haki, lakini ndani yake ina sumu. Anayejisogezea mwaka hawaondolei watoto wa Desemba shida yao. Anamwondolea mmoja, mwanawe, na kuwatwika wengine mzigo ule, tena mzito kuliko kwanza, maana sasa katika kundi lao kuna aliyewazidi hata kuliko mtoto wa Januari. Anayeona sheria ina kasoro na aipeleke kasoro hiyo hadharani, mbele ya walimu na vyama, ili irekebishwe kwa wote. Kuirekebisha gizani kwa faida ya mtu mmoja ni kuongeza kasoro juu ya kasoro.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo si haki kuyapita. La kwanza ni la mtoto ambaye umri wake haujulikani kwa hakika, au aliyechelewa shule. Wazee wetu wengi waliandikishwa darasa la kwanza kwa kupitisha mkono juu ya kichwa: aliyefikia sikio la upande wa pili alihesabiwa kuwa amefika umri, na asiyefikia alirudishwa nyumbani angoje mwaka mwingine. Kipimo kile kilikuwa kigumu kwa mwenye mikono mifupi. Siku hizi kuna kipimo kingine, cha mashine. Tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA imetumia picha za kifundo cha mkono: mfupa ulio karibu na kiganja ukiwa umekwisha kuungana kabisa, ni nadra sana mwenye mkono huo awe hajatimiza miaka 17. Huko Kamerun vijana 21 kati ya 30 walioitwa kujiandaa kwa mashindano ya rika hilo walishindwa kipimo hiki, nao wakaondolewa. Mfupa ulilazimika kusema kweli ambayo watu wazima waliificha.

Lakini mfupa husema machache tu. Hauwezi kumtenganisha mtoto wa miaka 10 na wa miaka 11 na nusu. Kwa wadogo wetu hakuna mashine. Lipo neno la mkubwa tu, neno la mzazi na la mwalimu, na kitabu kilichoandikwa mapema kabla ya mtu yeyote kuwa na faida ya kudanganya. Ndiyo maana daftari la Ubatizo si kitu kidogo. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 877, humwagiza paroko aandike bila kukawia majina ya mbatizwa, ya wazazi na ya wasimamizi, na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Katika nchi ambayo Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba chini ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa na cheti cha kuzaliwa, familia nyingi hazikuwa na maandishi mengine ila hayo. Tangu mwaka 2013 serikali, kwa njia ya RITA, imeendesha mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 5 karibu na nyumbani, katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mzazi anayemwandikisha mwanawe mapema humpa ushahidi usioweza kununuliwa baadaye, wala na yeye mwenyewe.

Na kijana aliyechelewa shule kwa sababu ya kuchunga ng'ombe, au kwa ugonjwa, au kwa umaskini, akajikuta ana miaka 15 katikati ya watoto wa miaka 11? Huyo hana hatia, na kumfukuza uwanjani kama mwizi ni ukatili. Asiingizwe katika timu ya watoto kwa uongo. Lakini wajibu hauishii hapo. Atafutiwe wa rika lake, katika kigango, katika mtaa, katika shule ya jirani. Mlango mmoja ukifungwa kwa haki, haki hiyohiyo yatudai tufungue mwingine.

La pili ni la mtoto mkubwa wa umbo ambaye umri wake ni halali. Twajua jinsi watu wanavyopiga kelele kando ya uwanja: "Kijeba huyo! Mtoeni!" Lakini mwili si cheti. Wapo watoto wanaobalehe mapema, na wapo wanaochelewa. Wote ni wa rika moja, wote ni wakweli. Kumzulia mtoto wa namna hiyo kwamba ni mwongo, mbele ya umati, ni kumwibia jina lake jema, na jina jema la mtoto ni mali kama ilivyo la mtu mzima. Mwenye shaka na apeleke shaka yake kwa wahusika kwa utaratibu, wala asimtupie mtoto maneno.

Basi tufanye nini? Kwanza, karatasi iseme kweli, hata ikitugharimu kombe. Mkuu wa shule anayejua kwamba timu yake ya UMITASHUMTA au ya UMISSETA ina mamluki au vijeba, akanyamaza, amekwisha kuwafundisha watoto mia kadhaa somo ambalo halimo katika mtaala: kwamba wakubwa huapa kwa lugha moja na kuishi kwa lugha nyingine. Somo hilo hawatalisahau.

Pili, tusiwe na haraka ya kuchagua na kuacha. Mtoto wa miaka 9 au 10 hajafikia umri wa kuambiwa kwamba hafai. Nchini Norway, kanuni za michezo ya watoto zilizopitishwa mwaka 2007 ziliweka kwamba orodha za matokeo na za nafasi zisitumike kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na mashindano ya ubingwa wa taifa yasiwepo kwa wasiofikia mwaka wa 13. Nchi ile haikukosa mabingwa kwa kufanya hivyo. Wakulima wanajua: anayeng'oa miche mifupi katika kitalu wiki ya kwanza, huenda akatupa ile ambayo ingezaa kuliko yote.

Tatu, katika timu zetu za parokia na za vigango, ambako hakuna fedha wala jina la kutafuta, kila mtoto aliyekuja mazoezini na acheze. Mwalimu na aandike katika daftari lake, mbele ya kila jina, mwezi wa kuzaliwa. Na kabla hajasema kwamba mtoto fulani hana kipaji, alitazame daftari hilo, ajiulize kama hakuukosea mwezi akadhani ni kipaji. Hilo halihitaji mashine wala fedha. Linahitaji subira tu.

Tumalize kwa yule katekista. Alituambia kwamba miezi mingi baadaye, alipokuwa akilifikiria tena swali la baba yule, alikumbuka jambo ambalo jioni ile hakulitia maanani. Baba alipokuwa akinong'ona, mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Alisikia kwamba mwaka aliozaliwa, ule ambao mama yake aliuhesabu kwa uchungu, haukutosha. Kwamba ili apendeze hana budi awe mtu mwingine. Mzee alisema, "Nilipoinua macho nikaona ameinamisha kichwa. Nikafikiri ana haya kwa ajili ya baba yake. Sasa nadhani alikuwa akijionea haya mwenyewe."

Nani ataumia? Alikuwa amesimama mlangoni. Wazazi wapenzi, na walimu wa watoto wetu, kabla hatujanong'ona juu ya umri wa mtoto, na tugeuke kwanza tutazame nani anasikia.